Damu iko chini sawa, lakini ni ya aina gani? Zilinganishe kabla hujanunua sirapu

Hapa Kisumu mtu akiambiwa damu yake iko chini, kitu ya kwanza anapitia kemisti kuchukua ile dawa ya maji ya kuongeza damu, jioni anapitia kwa mama mboga anabeba bitiruti, na kama kuna dani (nyanya) kwa nyumba, dani ataongezea osuga (mnavu) iliyolala kwa maziwa. Inaeza saidia. Inaeza pia kosa kusaidia hata kidogo, na kuna watu itawafichia ugonjwa mpaka miguu ianze kufa ganzi. Shida ni kwamba "damu iko chini" si jina la ugonjwa, ni vile tu hemoglobini imepimwa ikapatikana kidogo, na hemoglobini inashuka kwa njia nyingi ambazo dawa zake hazifanani.

Mimi ni mtu wa labu. Sitibu mtu, dawa utaandikiwa na daktari. Kazi yangu ni kukaa na maikroskopu na slaidi za damu za watu, na kitu naonanga sana ni watu wanachagua dawa kabla ya kuchagua kipimo. Basi hapa nimeweka hizi aina kando kwa kando, ndio ukienda hospitali ujue cha kuuliza.

Hiyo namba kwanza

Hemoglobini, ile Hb wanaandika kwa kadi, ndio protini yenye chuma ndani ya seli nyekundu, ndio inabeba oksijeni kutoka mapafu. Shirika la Afya Duniani linahesabu anemia, yaani damu kuwa chini, hivi, kwa gramu kwa kila desilita: mwanaume mzima chini ya 13, mwanamke asiye na mimba chini ya 12, mwenye mimba chini ya 11 (miezi mitatu ya katikati ni 10.5, juu mimba inaongeza maji ya damu haraka kuliko seli), mtoto wa miaka miwili hadi minne chini ya 11, na mdogo wa miezi 6 mpaka 23 chini ya 10.5.

Sasa hizo namba ni za mtu anakaa karibu na usawa wa bahari, na hapa ndio wengi hupitwa. Kisumu tuko kama mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru ni kama 1,850, Eldoret imepita 2,000. Ukikaa mahali pa juu hewa ni nyepesi na mwili unatengeneza seli nyekundu zaidi kufidia, kwa hivyo mpaka wa anemia nao lazima upandishwe. Mama wa Nakuru mwenye 12.3 anaeza ambiwa uko sawa enda nyumbani, na kumbe kwa urefu wa pale hiyo ni kidogo. Ukiona umechoka kuliko namba inavyosema, taja unakaa wapi.

Haitengenezwi, inavuja, ama inavunjwa

Seli nyekundu inatengenezwa kwa uboho wa mfupa, inaishi kama siku 120, alafu wengu na ini zinaivunja na chuma yake inarudi kazini. Damu ikipungua basi kuna maswali matatu. Mwili hautengenezi ya kutosha? Inatoka nje mahali? Ama inavunjwa kabla siku zake kuisha? Na usidhani ni lazima iwe moja, huku ziwani ni kawaida kabisa mtoto kuwa na malaria inayovunja, minyoo inayofyonza, na uji mweupe asubuhi na jioni usio na chuma ya kujenga tena, zote tatu kwa mwili mmoja wa kilo kumi.

Kuchoka hakukusaidii kuchagua. Karibu aina zote zinachokesha, zinakupumulisha ukipanda ngazi, moyo unadunda mpaka unausikia kwa masikio, kichwa kinauma, kiganja na ndani ya kope ya chini zinakuwa nyeupe. (Angalia kiganja, kope na ulimi, si uso. Kwa ngozi yetu uso haukuambii kitu.) Tofauti zinapatikana kwa vitu vidogo vya pembeni, na kwa labu.

Ukosefu wa chuma na ukosefu wa B12 ama folati

Hizi mbili zote ni za "haitengenezwi", na ndio watu wanachanganya zaidi juu kwa kemisti dawa zake zinakaa rafu moja, mara nyingi hata chupa moja.

Ya chuma ndio inaongoza duniani na hata huku. Kwa slaidi seli zinakuwa ndogo na katikati zimepauka, kama sahani tupu iliyobaki na ukingo tu. Mashine inaandika MCV, yaani ukubwa wa seli kwa wastani, na kwa mtu mzima ikishuka chini ya 80 chuma ndio mshukiwa wa kwanza. Wenyewe ni akina mama wenye hedhi nzito, wenye faibroidi, wenye mimba zilizofuatana karibu, watoto wanaokua kwa haraka, na watoto wanaopewa maziwa ya ng'ombe mengi mpaka hawana nafasi ya chakula kingine. Dalili zake za pembeni: midomo kupasuka kwa kona, kucha kubonyea kama kijiko, miguu kutotulia usiku, na ile hamu ya odowa, yale mawe laini ya udongo ya kula. Ukijipata soko la Kibuye unanunua odowa kila siku na unaficha kwa mkoba, usiwaze ni tabia mbaya, kapime damu. Odowa yenyewe pia inaeza zuia chuma ya chakula kuingia mwilini, basi unakula kwa sababu huna chuma na unakosa chuma kwa sababu unakula.

Ya B12 na folati ni kinyume kwa maikroskopu: seli ni kubwa, ni chache, MCV inapita 100, na zile seli nyeupe tunaziona kiini chake kimegawanyika vipande vingi kuliko kawaida. Folati inatoka kwa mboga za majani, maharagwe, kunde, na akiba yake mwilini inaisha kwa miezi tu, kwa hivyo inawaishia wenye mimba, wenye siko seli ambao mwili unajenga damu mchana na usiku, na wale wanaamka na chang'aa wanalala na chang'aa bila kukula. B12 inatoka kwa vitu vya wanyama peke yake, nyama, maini, mayai, maziwa, samaki, na omena wetu ako nayo ya kutosha. Akiba ya B12 hukaa miaka. Basi anayeikosa mara nyingi si maskini wa chakula, ni mzee ambaye tumbo halifyonzi tena, mtu alifanyiwa upasuaji wa tumbo, mtu wa kisukari amemeza metifomini kwa miaka mingi, ama mtu ambaye kinga ya mwili wake inashambulia ile protini ya tumbo inayobeba B12.

Dalili yake ya pembeni ndio ya kushika: ulimi laini unaouma, miguu kuwashwa kama imechomwa na sindano, kuyumba ukitembea gizani, kusahausahau. Ukosefu wa chuma hauui neva hivyo, wa B12 unaua, na ukichelewa zingine hazirudi.

Na hapa ndio dawa ya kubahatisha inakuwa hatari. Ukimpa mtu aliyekosa B12 foliki asidi (folati ya dawa) peke yake, damu inapanda. Kweli inapanda, anapata nguvu, kila mtu anafurahi. Neva nazo zinaendelea kuharibika kimya kimya. Ndio maana kama kuna ganzi, B12 inatibiwa kwanza ama pamoja na folati, na mara nyingi ni sindano.

Kidogo kuhusu maini, juu watu hupenda kubishana. Mwaka wa 1926 kule Boston, George Minot na William Murphy walionyesha kwamba wagonjwa wa anemia iliyokuwa inaua watu wanapona wakilishwa maini mengi kila siku, na 1934 wakapewa Nobeli pamoja na George Whipple. Kilichokuwa kinaponya kwa maini kilipatikana baadaye, 1948, kikaitwa vitamini B12. Basi kukhu (nyanya) akikwambia maini huongeza damu yuko sawa, na huongeza kwa njia mbili, chuma na B12. Akikwambia bitiruti ni damu juu ni nyekundu, hapo mheshimu tu. Ile rangi haihusiani na hemoglobini, chuma yake ni kidogo, kitu ya maana iko ndani ni folati. Ni chakula kizuri, si dawa ya mtu mwenye Hb ya 6.

Siko seli na ukosefu wa chuma, na tofauti ya AS na SS

Hii ningeomba wazazi wa Siaya, Homa Bay, Kisumu, Busia, Bungoma na Kakamega wasome polepole.

Mtoto amepauka, amechoka, anapewa sirapu ya chuma, anapewa tena, haongezeki. Kama ni siko seli, shida haikuwa chuma. Uboho unatengeneza damu kwa bidii sana, ni vile seli zinajikunja kama mundu oksijeni ikipungua, zinakwama kwa mishipa midogo na zinavunjika baada ya siku 10 mpaka 20 badala ya 120. Chuma ya zile zilizovunjika inabaki ndani ya mwili, na akiongezewa damu mara kwa mara chuma inarundikana mpaka kwa ini na moyo. Kwa hivyo hawa watoto hawapewi chuma mpaka ionekane kweli wameikosa. Wanapewa foliki asidi.

Vitu vya kutofautisha: ya chuma huja polepole na haiumizi. Siko seli huuma, mifupa, mgongo, kifua, na macho yanakuwa ya njano. Dalili ya kwanza mara nyingi ni mikono na miguu ya mtoto kuvimba na kuuma akiwa amefika kama miezi sita, si mapema sana, juu mtoto mchanga bado ako na hemoglobini ya tumboni inayomlinda. Watu husema amerogwa, ama ameangushwa na yaya. Mpeleke apimwe.

Alafu hii ya AS na SS. AS ni mtu amerithi jini moja ya siko seli kutoka kwa mzazi mmoja. Hana ugonjwa, damu yake kawaida haiko chini, na kama AS ako na anemia basi tafuta sababu ingine, usimwekee yote kwa AS. SS amerithi kutoka kwa wote wawili, huyo ndio mgonjwa. AS wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi ya asilimia 25 kuwa SS, na hiyo nafasi haikumbuki mtoto aliyetangulia, unaeza pata wawili wakifuatana ama usipate hata mmoja.

Kwa nini iko sana huku? Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alizunguka 1949 akipima damu za watu, akapata wenye AS ni wengi pwani na kando ya ziwa Victoria, na huko nyanda za juu karibu hakuna. Akaunganisha na malaria, na 1954 akachapisha ushahidi kwamba AS inamkinga mtoto na malaria kali. Ndio kusema hii jini ilibaki kwetu juu ilikuwa inaokoa watoto wa AS, na bei yake wanailipa wa SS.

Kipimo nacho chagua vizuri. Kile cha haraka cha slaidi ama chupa, kinachosema tu "posi" ama "nega", kinakuwa posi kwa AS na kwa SS, hakitenganishi, na kwa mtoto mdogo sana kinaeza sema nega na iko. Elektroforesisi ya hemoglobini, kipimo cha labu kinachopanga aina za hemoglobini kando kando, ndio inatenganisha. Siku hizi kuna pia vipimo vidogo vya tone la kidole vinavyosoma A (ya kawaida), S (ya siko seli) na C (aina ingine ya kurithi) moja kwa moja, viko vizuri hata kwa mtoto mchanga. Ukiambiwa mtoto "ako na siko" na hakuna herufi mbili kwa karatasi, rudi uulize.

Matibabu yake hayafanani na ya chuma hata kidogo. Penisilini mara mbili kwa siku mpaka afike miaka mitano, chanjo zote, dawa ya kuzuia malaria, maji mengi, foliki asidi, na haidroksiyurea. Hii ya mwisho watu waliiogopa sana juu ni dawa ya saratani pia, mpaka utafiti uliofanyika nchi nne za Afrika, pamoja na Kilifi hapa kwetu na Mbale hapo tu ng'ambo ya mpaka, ulipotoka kama 2019 ukaonyesha watoto wanaoimeza wanapata maumivu kidogo, wanaongezewa damu mara chache, wanaugua malaria kidogo na wanakufa kidogo. Inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, si ya kununua na kumeza kivyako. Kwa mkoa wetu kliniki ya hawa watoto iko hospitali kubwa ya Jaramogi, ile wazee bado wanaita Russia.

Malaria, minyoo na kichocho

Malaria inavunja haraka. Mtoto alikuwa na 10 Jumatatu, Alhamisi ako na 5, na tukipata Hb ya chini ya 5 na vimelea kwa slaidi, hiyo ni malaria kali hata kama mtoto anaongea. Minyoo ya safura inavuja polepole, inauma ukuta wa utumbo na kufyonza kidogo kidogo miezi mingi, kwa hivyo kwa maikroskopu inafanana na ukosefu wa chuma na kweli ndio huo. Kichocho cha ziwa, kile cha utumbo, nacho kinavujisha damu kwa choo, na wenyewe ni wavuvi, wachota mchanga, na vijana wa kuosha magari huko Lwang'ni kando ya ziwa.

Ya malaria ukiponya malaria damu mara nyingi inarudi yenyewe kwa wiki kadhaa. Ya minyoo ukimpa albendazoli peke yake minyoo inatoka lakini chuma iliyoibiwa haijarudi, lazima utibu na umrudishie chuma. Kichocho ni prazikwanteli. Kuna wale wanapenda kumeza dawa ya minyoo kila wakichoka, haina neno kubwa, lakini usiiite matibabu ya anemia mpaka ujue.

Na chuma kwa mtoto mwenye malaria? Hapa nakuomba utulie. Utafiti wa Pemba uliochapishwa 2006 ulipata watoto waliopewa chuma na foliki asidi kwa mahali penye malaria nyingi walilazwa na kufa zaidi kuliko wasiopewa, ingawa wale waliokuwa kweli wamekosa chuma walifaidika. Kilichotoka hapo ni kwamba chuma kwa mtoto wa huku inaenda pamoja na neti, kupimwa malaria na kutibiwa. Mtoto ako na homa, pima malaria kwanza, usifungue sirapu. Na akishatoka wodini baada ya anemia kali bado hajatoka hatarini, miezi michache inayofuata ndio wengi hurudi, kwa hivyo uliza kama atapewa dawa ya kuzuia malaria ya kutumia nyumbani, tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linaipendekeza, na majaribio yake mengine yalifanyika Kenya na Uganda.

Kwa wenye mimba kuna kitu kidogo watu hawaambiwi. Ile tembe ya kliniki iko na miligramu 60 za chuma na 0.4 za foliki asidi, na inaenda sawa na Fansida, ile dawa ya kuzuia malaria kwa wenye mimba. Foliki asidi kubwa ya miligramu 5 ambayo mtu anajinunulia kemisti inapunguza nguvu ya Fansida. Zaidi si bora hapa.

Zile zingine

Anemia ya ugonjwa wa muda mrefu, kama TB, HIV, baridi yabisi, vidonda visivyopona: chuma iko mwilini lakini imefungiwa, mwili unaificha wakati wa vita na viini. Kuongeza chuma hakusaidii sana, tibu ugonjwa wenyewe. Figo zikifeli, homoni inayoambia uboho utengeneze damu inakosekana, na hapo ni sindano ya hiyo homoni. Dawa moja ya HIV ya zamani, AZT, inaeza kandamiza uboho, kwa hivyo kama uko kwa hiyo na umeanza kupauka waambie kliniki mapema, usiache dawa kivyako.

Ukosefu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu, ni wa kurithi na unapata wanaume zaidi, mtu ako sawa kabisa mpaka ameze dawa fulani kama primakwini ama dapsoni, alafu mkojo unakuwa rangi ya koka. Alfa thalasemia ndogo, hali ingine ya kurithi ya hemoglobini, nayo ni mdanganyifu, MCV iko chini kama ya chuma lakini mtu hana shida, na unaeza mezeshwa chuma miaka yote bila namba kusonga. Na kama damu iko chini pamoja na seli nyeupe na chembe za kugandisha, mtu anatoka damu kwa ufizi na kuugua ugua, hapo uboho wenyewe ndio una shida na hiyo si ya dispensari, ni rufaa leo leo.

Ukiwa na pesa ya kipimo kimoja

Hb ya kidole inakwambia iko chini, haikwambii kwa nini. Ni nzuri ya kufuatilia. Kama unalipa kutoka mfukoni na utachagua kimoja, mimi ningechukua himogramu nzima (kipimo cha seli zote za damu) na niombe na slaidi iangaliwe na mtu, si mashine peke yake, juu MCV ni wastani na wastani hudanganya: mtu akikosa chuma na folati pamoja, ndogo na kubwa zinasawazishana na karatasi inaandika 88, safi kabisa. Jicho kwa slaidi linaziona zote mbili. Pia linaona mundu, na linaona malaria.

Baada ya hapo fuata njia. Ndogo na zimepauka, enda kwa feritini ambayo ni akiba ya chuma, na kinyesi kipimwe minyoo na damu. Ukijua una homa ama maambukizi mwambie daktari, feritini hupanda ukiwa mgonjwa na inaeza onekana sawa na akiba imeisha. Kubwa, enda kwa B12 na folati. Macho ya njano, maumivu, ndugu mwenye siko, enda elektroforesisi. Homa, kipimo cha malaria kabla ya vyote. Na kama wewe ni mwanaume mzima, ama mama aliyemaliza hedhi, na umekosa chuma, usikubali kupewa tembe tu uende. Damu inavuja mahali, inaeza kuwa kidonda cha tumbo, dawa za maumivu za kila siku, ama saratani ya utumbo, na tembe itapandisha namba huku hiyo ikiendelea kukua. Choo cheusi kinachonata kabla hujaanza tembe za chuma ni neno la kusema siku hiyo hiyo.

Chakula, tembe, sirapu, sindano, mfuko wa damu

Chakula kinazuia na kinalinda, lakini ukishafika 7 hakikufikishi haraka. Chuma ya nyama, maini na samaki inaingia vizuri, ya mboga na maharagwe inaingia kidogo na inahitaji kusaidiwa na ndimu, chungwa, nyanya ama kipande cha omena ndani. Chai ndio adui, na sisi watu wa magharibi chai tunaweka kando ya kila sahani. Si lazima uiache, isogeze tu saa moja ama mbili mbali na chakula na tembe.

Tembe za chuma ni rahisi na zinafanya kazi sawa na sirapu ya bei kali, tofauti kubwa ni chupa. Sirapu ni ya mtoto ama mtu asiyeweza kumeza, na soma ni chuma ngapi iko ndani, zingine ni tamu tu. Choo kitakuwa cheusi, hiyo ni kawaida, tumbo linaeza funga. Ukishindwa, uliza kumeza siku moja na kuruka moja, siku hizi madaktari wengi wanakubali na mwili unafyonza vizuri, lakini mwenye mimba afuate vile kliniki imemwandikia. Weka mbali na watoto, tembe chache tu za chuma zinaeza ua mtoto mdogo.

Sindano ama dripu ya chuma ni ya mtu ambaye tembe zimemshinda, ama mimba imeenda sana na Hb bado iko chini. Haina haja yoyote kwa malaria ama siko seli. Mfuko wa damu unaokoa maisha na hautibu sababu. Kwa mtoto mwenye Hb ya 4 kushuka anaongezewa, kati ya 4 na 6 wanaangalia kama anapumua kwa shida, ana jasho baridi, amelegea. Usiombe damu ati ndio upone haraka na uko na 9.

Baada ya kuanza chuma rudi upime wiki ya nne. Ikiwa kweli ilikuwa chuma, Hb inapaswa kuwa imepanda kama 1 ama 2. Ikipanda usiache, endelea kama miezi mitatu baada ya kufika sawa ndio akiba ijae. Isiposonga, chaguo si kubadilisha sirapu ya kampuni ingine: ama humezi vizuri, ama unameza na chai, ama bado inavuja, ama haikuwa chuma tangu mwanzo, na hapo unarudi na karatasi zako zote za zamani, ile ya kwanza kabisa pia, juu tutataka kuona MCV ilikuwa ngapi kabla dawa haijaichezea.